Shajara ya mradi: bonde letu la mpunga, Wete, Pemba

Jumamosi, 11 Januari

Leo ndo tumeanza rasmi, ingawa rasmi yenyewe ilikuwa chini ya mwembe kwa chai ya tangawizi na mkate wa mofa. Walikuja watu kumi na moja, wanane kina mama, manake bonde hili ni lao, wanaume wengi wako kwenye karafuu au baharini. Kwenye timu tuko wanne: mie, vijana wawili waliomaliza SUZA (chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar), na ami yangu ambae anaijua mipaka ya kila jaruba kuliko hata wenyewe.

Khabari ni hii. Mwaka jana majaruba ya chini, yale yanayoelekea mikokoni, yalitoa mapepe. Mpunga unasimama vizuri, unachanua, ukiukamata shuke halina kitu ndani. Mama mmoja alivuna polo (magunia) mbili pahala alipozoea kuvuna sita. Kila mtu ana sababu yake, huyu anasema mbegu imechoka, huyu mbolea ilichelewa, yule ndege na watoto hawataki tena kukaa dunguni kuamia, na mmoja akasema husda, watu wakacheka lkn si wote.

Tulilokubaliana: tuipime ardhi yote ya bonde pamoja na miinuko ya pembeni, tuipange kwa madaraja, tujue wapi mpunga, wapi mahindi, wapi paachwe. Madaraja tunatumia yale ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 1976, S1 inafaa sana, S2 inafaa kiasi, S3 inafaa kwa tabu, N1 haifai kwa sasa na N2 haifai moja kwa moja. Nliwaandikia kwa mkaa kwenye ubao wa mlango mbovu. Sheha, kiongozi wa mtaa wetu, akauliza hiyo S ni ya nini, nkamwambia ni herufi tu mzee wangu, akaridhika.

Kabla ya kuondoka Bi Mkubwa mmoja (ntamwita hivo hivo, jaruba lake kwenye orodha yetu ni namba 17) akanshika mkono akanambia, mwanangu, hapa pana kinamo cha namna mbili, cha kupasuka na cha kunuka, msivichanganye. Nkaandika kwenye daftari. Skutia maanani.

Jumapili, 19 Januari

Wiki nzima ya laptopu. Tumeshusha data za bure za mtandaoni tukazitia kwenye QGIS, programu ya kuchorea ramani: udongo kutoka SoilGrids, mwinuko kutoka SRTM, mvua kutoka CHIRPS, na picha za setilaiti ya Sentinel-2.

Mvua haina maneno. Pemba inapata mvua nyingi kuliko Unguja, masika ya Machi mpaka Mei yanabeba mzigo mkubwa, vuli ya Oktoba mpaka Disemba inasaidia, na kidogo cha mchoo katikati. Kwa mpunga wa kutegemea mvua bonde zima ni lile lile, hakuna jaruba linalonyeshewa zaidi ya jirani yake. Kwa hiyo mvua nimeitoa kwenye hesabu, haituambii kitu cha kutofautisha hapa na pale.

Udongo ndo kizaazaa. SoilGrids kila kipande chake ni mita 250 kwa 250. Jana tulikwenda tukalipima bonde kwa hatua, pahala papana kabisa ni hatua 120 toka ukingo mpaka ukingo. Sasa hesabu mwenyewe. Kipande kimoja cha ramani kimemeza bonde lote, kimeingiza mikarafuu ya kilima cha huku na minazi ya kilima cha kule, halafu kinakupa wastani, kinakwambia udongo wa hapa ni tifutifu la kati. Hakuna tifutifu la kati hapa! Pana kinongo, ule udongo mwekundu, juu na kinamo, ule wa mfinyanzi, chini, katikati yake ni mteremko wa kukimbia dakika moja. Kwa nchi kama Shinyanga huko bara, tambarare siku nzima, hivi vipande vitafaa, lkn Pemba magharibi ni vilima na vijibonde kama mikunjo ya kanga iliyotupwa kitandani.

SRTM nayo ina yake. Ni data iliyopigwa na rada kutoka chombo cha angani mwezi Februari 2000, kipande mita 30, afadhali. Lkn ile rada haioni ardhi vizuri penye miti mingi, inarudi ikiwa imeona vilele. Kwa hiyo penye shamba la mikarafuu ramani inatuonesha kilima kirefu kuliko kilivyo, na pale ami alipofyeka miaka ya tisini ramani inaonesha shimo. Tena urefu umeandikwa kwa mita nzima, na ndani ya bonde tofauti ya jaruba la juu na la chini haifiki mita mbili, basi mteremko unatoka kama ngazi, sufuri sufuri sufuri kisha ghafla moja.

Tunazo pia picha za droni za ule mradi wa ramani wa Zanzibar ulioanza 2016, wanafunzi wa SUZA walirusha ndege zile ndogo visiwa vyote viwili. Hizo raha, matuta ya majaruba unayaona moja moja, ila ni picha tu, hazisemi chini kuna nini.

Jumamosi, 25 Januari

Aibu ndogo. Kijana wetu mmoja alipata nakala ya ramani ya zamani ya udongo, ile yenye majina yenyewe, kinongo, mchanga, kinamo, uwanda, maweni. Tukafurahi, tukaiskani, tukaitia kwenye QGIS, tukakuta msikiti wa kijiji uko kaskazini ya pahala pake na mwambao wa mikoko umepanda kilimani. Tumeivuta, tumeinyoosha, siku mbili, tukiilazimisha huku inapotoka kule.

Kumbe ramani za zamani za Afrika Mashariki zimechorwa kwa kipimo cha Arc 1960, na GPS ya simu inasoma WGS84. Ukichukua namba za Arc 1960 ukazitia kana kwamba ni WGS84 unahama karibu mita mia tatu. Mita mia tatu ni mabonde mawili hapa kwetu. Tiba yake ni dakika mbili, unaiambia programu namba sahihi, 21037 kwa ile ya zamani na 32737 kwa hii mpya, zote kanda ya 37 kusini. Siku mbili kwa dakika mbili. Nimeibandika kwa karatasi juu ya laptopu.

Jumapili, 2 Februari

Tumetoka kwenye kompyuta, Alhamdulillah. Mashimo ishirini na tatu kwa siku tatu. Vifaa: kekee ndefu ya kuchimbia udongo tuliyoazima, jembe, ndoo, mifuko, chupa ya maji, na kile kipimo cha mkononi cha pH (saba ni katikati, ikishuka chini yake ni asidi) na chumvi tulichonunua kwa michango.

Namna ya kupima udongo kwa mkono naiandika kwa sababu kina mama wameifanya vizuri kuliko sie. Unachukua donge kiasi cha yai, unalilowesha kidogo kidogo huku unalikanda kama unga wa chapati mpaka liache kunata, halafu unalisukuma kwa dole gumba juu ya kidole cha shahada litoke kama utepe. Likikatika kabla ya sentimita mbili na nusu, udongo una mchanga mwingi. Kati ya hapo na tano, ni wa kati. Ukipita tano ndo kinamo chenyewe. Jaruba namba 9 ulitoka utepe wa sentimita nane ukawa unaninginia, watoto wakaushangiria kama bao.

Juu kilimani ni kinongo, chekundu, kirefu, kekee imezama mita moja bila kugonga kitu. Kinafaa mahindi, kinafaa mpunga wa juu usiotaka kusimamiwa na maji kama zile mbegu za NERICA. Nkaandika S1. Ami akanitizama akauliza, na mikarafuu hii nani ataing'oa? Nkanyamaza. Kwa udongo ni S1, lkn mtu mwenye mkarafuu unaozaa na ZSTC, shirika la serikali la karafuu, wananunua taslimu hawezi kuukata apande mahindi, na mtu aliepewa eka tatu baada ya Mapinduzi ya 1964 hawezi kukubali kijana mwenye laptopu amwambie abadilishe. Nimeongeza safu kwenye jedwali: "inafaa lakini ina mwenyewe".

Ndani ya bonde ni kinamo toka juu mpaka chini, kijivu chenye madoa ya rangi ya kutu, hiyo ni alama kwamba maji yanakaa muda mrefu kisha yanaondoka. Kwa mpunga ndo tunachotaka, maji yasikimbie. Tukatoboa pipa la chuma juu na chini, tukalisukumiza ardhini, tukajaza maji tukakaa na saa. Namba 9 maji yalishuka kama hayataki. Pembezoni penye mchanga yalipotea kabla hatujamaliza kubishana nani anaandika.

Namba 17 na jirani zake, kekee ilipofika kiasi cha nusu mita ilitoka na utope mweusi unaonuka yai viza. Nikachukua sampuli mbili, moja ikaandikwa vizuri, nyengine nkaifunga kwenye mfuko wa nailoni wa dukani bila ya alama ya maana.

Jumamosi, 15 Februari

Ramani ya kwanza imetoka na ni ya kijani!! Bonde karibu lote S1, kidogo S2. Tukaiprinti mjini kwa karatasi kubwa, tukaibandika kwa sheha, watu wakaja, picha zikapigwa. pH ya wastani 6.2, kinamo kizuri, tambarare, na chumvi hakuna, kipimo chetu kilisoma 0.4, 0.7, 0.9, 1.1, na mpaka wa mpunga ni 3.0 (namba hizi ni dS/m, yaani namna maji yanavyopitisha umeme, chumvi ikizidi nayo inapanda). Mama mmoja wa majaruba ya chini alisema basi kama ardhi haina neno nanunua mbegu ya SARO 5, na nnavyojua kesho yake alinunua.

Jumanne, 18 Februari

Naandika hii saa sita usiku. Nimekosea, tena kosa kubwa, na ni langu peke yangu.

Ule mpaka wa 3.0 ni wa chumvi iliyopimwa kwenye maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye udongo ulioloa tu, kama uji mzito. Sie tulifanya njia ya haraka, sehemu moja ya udongo kwa sehemu tano za maji, tukatikisa, tukaacha itulie, tukachovya kipimo. Yaani tumeizimua. Ni sawa na kuonja mchuzi uliotiwa jagi la maji ukasema chumvi haijakolea. Ili kurudisha kwenye kipimo cha ule mpaka lazima uzidishe, na kwa udongo wa kinamo kizito ni kama mara saba hivi, kwa mchanga inazidi mara kumi.

Basi zidisha. 0.4 inakuwa 2.8, imepona kwa ncha ya sindano. 0.7 inakuwa karibu 5. Namba 17 ilisoma 1.1, hiyo ni 7.7.

Mpunga ukivuka 3.0, kila namba moja inayoongezeka unapoteza kama asilimia 12 ya mavuno. Ikifika 5 ushapoteza robo. Ikifika 7.2 nusu imekwenda. Kwa 7.7 ya namba 17 polo sita zinakuwa mbili na ushei, na hapo sasa narudi kwenye maneno ya tarehe 11, polo mbili pahala pa sita. Na mapepe nayo yanaingia pahala pake, kwani mpunga unavumilia chumvi ukiota na ukichipua matawi, lkn unaumia ukiwa mche mdogo na unaumia tena wakati wa kuchanua, na ndo hapo shuke linabaki tupu.

Si mbegu, si mbolea, si husda. Na sie tumekwenda kuwabandikia karatasi ya kijani.

Alhamisi, 20 Februari

Nimekwenda kwa sheha kuibandua ramani kwa mkono wangu. Halafu nkenda kwa yule mama wa SARO 5. Nlijitayarisha kwa maneno mengi, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa mbegu mwanangu ntaitia wapi, nnaipikia?" Ami akampa nafasi kwenye majaruba yake mawili ya juu kwa msimu huu, wamekubaliana mavuno nusu kwa nusu. Sijui ami alinihurumia mie au yule mama.

Jumamosi, 8 Machi

Leo siku ya saba ya Ramadhani. Kazi asubuhi tu, baada ya adhuhuri hakuna mtu wa kuchimba.

Tumekaa kwenye uzani, yaani kipi kina nguvu kuliko kipi: udongo, maji, chumvi, mteremko, umbali wa njia. Tumetumia ile njia ya Saaty ya kulinganisha viwili viwili, na hesabu yake ina mtego mzuri, ukijipinga mwenyewe inakukamata. Mara ya kwanza kipimo cha kujipinga kilitoka 0.23 wakati inatakiwa kisizidi 0.1, manake kijana mmoja alisema maji yanaushinda udongo, udongo unaishinda chumvi, halafu chumvi inayashinda maji. Tukarudia mara tatu mpaka ikawa 0.06. Sawa.

Lkn mie sijaridhika na hii biashara ya uzani na nnaiandika hapa ili isemwe. Ukichukua jaruba lenye udongo 5 kwa 5, maji 5 kwa 5, mteremko 5 kwa 5 na chumvi 1 kwa 5, wastani unatoka 4, ramani inapaka S2, inafaa kiasi. Inafaa wapi? Wali ukizidi chumvi, tui zuri haliufuti, mchele wa mapembe au wa Mbeya ni mamoja, unamwaga. Kwa hiyo tumekata shauri mambo mawili yasiingie kwenye wastani: chumvi na kufunikwa na bahari. Hayo mabaya yake ndo daraja lake, kilichobaki kinapigiwa uzani.

Kijana wa pili ana hoja yake. Kasoma kwamba mtama mpaka wake wa chumvi ni 6.8 na mahindi ni 1.7, basi majaruba ya chini tupande mtama. Kitabuni kasema kweli. Lkn mtama wetu unalimwa kule mashariki kwenye uwanda na maweni, pakavu, hapa mguu unazama mpaka ugokoni. Halafu kwenye futari nlipowauliza kina mama wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na uji. Mtama wanaujua, ila bonde ni la mpunga.

Jumatano, 2 Aprili

Idi njema kwa wote. Hii ndo siku niliyokuwa nnaisubiri na sikumwambia mtu kwa nini.

Idi ya mfunguo mosi siku zote inaangukia mwezi mwandamo, na mwezi mwandamo una bamvua, yale maji makubwa ya bahari. Tena bamvua la Machi na mwanzo wa Aprili ndo kubwa lenyewe, kujaa na kupwa kwetu kunapita mita nne. Nkasema kama bahari inaingia bondeni, basi itaingia Idi. Juzi, Idi mosi, baada ya swala nikala pilau kwa haraka nkaondoka na kanzu yangu, ami nyuma, Bi Mkubwa tukamkuta keshafika kakaa kwenye gogo na kanga yake ya Idi.

Nlidhani maji yatapanda juu ya tuta linalozuia bahari. Hayakupanda. Tuta lilibaki kavu juu kiganja kizima. Yalikuja chini. Kwanza mlango wa mfereji, ule ubao wa kuzuia ulishaoza pembeni, maji yakawa yanachuruzika kama bomba lililopasuka. Hiyo tungeweza kuikisia. Lkn cha pili, Bi Mkubwa alituonesha kwa fimbo yake, mashimo ya kaa. Ndani ya tuta, kila hatua mbili tatu, shimo la kaa upande wa bahari na jenzake upande wa jaruba, na ukikaa kimya ukitizama unaona kwenye lile la ndani maji yanabubujika pole pole, hayana haraka, yana povu kidogo mdomoni. Nilihesabu kumi na nane kwenye kipande cha kama mita thelathini. Nkachovya kipimo kwenye moja, kikasoma 38. Bahari yenyewe ni kama 50 na kitu.

Hakuna setilaiti inayoona shimo la kaa.

Tumepiga vijiti pale maji yalipoishia, jana na leo tumerudia, mstari umesogea kidogo tu. Ukiuweka kwenye ramani unapita katikati ya namba 14, unaacha namba 15 mpaka 21 upande wa bahari. Kanzu yangu haitamaniki, mke wangu hajasema neno na hilo ndo baya.

Jumamosi, 19 Aprili

Masika yamekolea. Leo nlikuwa nnafagia banda nkakuta ule mfuko wa nailoni wa Februari, ule usio na alama, umefunguka mdomo nyuma ya mtungi wa maji. Udongo bado mbichi mbichi, lkn ule weusi umeondoka, umekuwa kijivu na vidoa vya manjano kama ya binzari. Harufu hamna tena. Kwa kutaka kujua tu nkaupima pH. 3.8.

Nikasafisha kipimo nkarudia. 3.8. Mwezi wa pili sampuli mwenzake wa shimo lile lile ulisoma 6.4.

Nikakumbuka. Cha kupasuka na cha kunuka.

Sasa hii naieleza kwa urefu, kwa sababu nadhani wengi wenye mabonde yaliyopakana na mikoko itawakuta. Udongo wa pahala palipokuwa mikoko zamani una madini ya chuma na salfa yaliyojificha ndani ya utope, na maadam umefunikwa na maji hauna ubaya, unanuka tu. Ukiuanika, hewa ikaingia, ile salfa inageuka asidi, asidi kweli, ya jamii ile ile iliyomo kwenye betri ya gari. Yale madoa ya manjano ndo alama yake. Mpunga kwenye pH ya chini ya 4 mizizi inaungua, na aluminiamu inayoyeyuka hapo ni sumu.

Maana yake kwetu ni hii: tulikuwa tumekaa vikao viwili kupanga kuziba tuta vizuri na kuchimba mfereji wa kina ili kuyakausha majaruba ya chini chumvi itoke. Tungelifanya hivo tungeondoa chumvi tukaleta asidi. Ule utope uko kwenye nusu mita. Mfereji tuliotaka kuchimba ni mita moja.

Nimekwenda kwa Bi Mkubwa nkamuonesha mfuko. Akaunusa, akasema huu si wa kwangu, wa kwangu unanuka. Nkamwambia ndo wako, umekauka. Akafikiri. Akasema mama yake alikuwa akikataza jaruba la chini lisiachwe kavu kiangazi, wakifungulia maji ya chemchemi hata kama hakuna kitu kilichopandwa, na yeye akidhani ni kwa ajili ya kuzuia majani.

Nimerudi nyumbani nkafungua daftari ukurasa wa 11 Januari nkatizama mwandiko wangu mwenyewe.

Jumamosi, 3 Mei

Ramani ya pili imekwisha, na hii haina kijani nyingi. Tumeichora kwa jaruba moja moja juu ya picha ya droni, vile vipande vya mita 250 hatukuvitumia kabisa, na kwenye maelezo ya rangi tumeandika majina ya udongo wanayoyatumia kina mama pamoja na herufi za FAO. Namba 1 mpaka 9 ni S1, kinamo cha kupasuka, hapo Supa au SARO 5 ni khiari ya mtu na mbolea yake. Namba 10 mpaka 14 ni S2 na S3 kwa ajili ya chumvi, hapo mbegu iatikwe pahala pengine kwanza, miche ipandwe ikiwa mikubwa na baada ya mvua kuosha. Namba 15 mpaka 21 ni N1, kinamo cha kunuka, pasichimbwe, pasikaushwe, maji ya chemchemi yapite juu yake. Ile N1 tumebishana sana, kijana alitaka N2, mie nikasema N2 ni kumwambia mtu ahame, na tuta bado halijatengenezwa.

Kazi zilizobaki: ubao mpya wa mlango wa mfereji (fundi kasema wiki ijayo, yaani wiki mbili), kuziba mashimo ya kaa kwa kinamo cha kupasuka kilichopondwa, na kuijaribu pia ile mbegu ya SUPA BC kama tutaipata kutoka watafiti wa Kizimbani, nasikia inastahamili kuliko ile Supa ya kawaida lkn sitaki kuandika kitu ambacho sijakipima hapa.

Leo asubuhi nlikwenda na ramani kwa Bi Mkubwa kumfahamisha kwamba namba 17 msimu huu apumzishe. Nikamkuta yumo ndani ya jaruba, kajifunga kibwebwe, maji ugokoni, anapanda. Robo tatu imekwisha. Nkamwambia Bi Mkubwa, ramani inasema hapa hapafai. Akasema najua, sheha kanambia jana, lkn miche nshaing'oa kitaluni, niipeleke wapi, na mvua hii ya siku kumi na mbili mfululizo ramani yenu imeihesabu?

Haikuhesabu. Nkakunja suruali nkaingia, nikachovya kipimo kwenye maji yaliyosimama kati ya mistari. 1.9. Nikachovya pembeni, karibu na tuta. 4.6. Nikamuonesha kioo, akauliza inayotakiwa ni ngapi, nkamwambia isipite mbili kwenye maji ili tuwe salama. Akachukua vijiti vitatu akavichomeka pale pa 4.6, akasema basi mwisho wangu hapa, na miche iliyobaki akampa mkwewe wa namba 8.

Tumekubaliana ntakuja kila Jumamosi kuchovya pahala pale pale vijitini, na siku mbili baada ya kila bamvua. Linalofuata ni la mwezi mpevu, katikati ya mwezi huu.